Wachimbaji Nao Ni Historia

Husemwa kwa wepesi mno kwamba kijana aliyeacha jembe Newala au Masasi akafuata madini ni mtu wa tamaa. Sisi twayakataa maneno hayo.

Mbio za kutafuta mali ya ardhini hazikuanzia kwetu. Mwaka 1849 maelfu ya watu walimiminika California kufuata dhahabu, na mwaka 1898 Klondike. Wengi walirudi mikono mitupu, lakini nchi zao huwaenzi hata leo. Hapa kwetu dhahabu ya Lupa, huko Chunya, iligunduliwa mwaka 1922. Vitabu vikahifadhi majina ya Wazungu wenye leseni. Waafrika waliochimba na kubeba mchanga wakabaki vibarua wasio na majina.

Je, kosa hilo tulirudie? Miaka ya 1990 vijana wetu walifuata vito Tunduru. Rubi ilipogunduliwa Montepuez, Msumbiji, mwaka 2009, walivuka Ruvuma, mto ambao Wamakonde wanaishi kando zake zote mbili. Mwaka 2017 Watanzania wengi walifukuzwa huko. Hawakusukumwa na uvivu: mkorosho huzaa mara moja kwa mwaka, na bei ya korosho haimo mikononi mwa mkulima.

Utamaduni wa taifa si ngoma na vinyago peke yake. Ni pamoja na jasho la waliotoka na machungu ya waliorudi. Basi na tuwasikilize, tuyaandike majina yao, wangali hai.