Kalamu kwa Watano, Kimya kwa Sitini na Watano



Watoto wengi wa huku kwetu Lukuledi huanza kuongea kwa lugha ya nyumbani, iwe Kimakua, Kiyao, Kimwera au Kimakonde. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo walikwisha kuisikia sokoni na redioni. Wakifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo wengi hunyamaza. Mtoto aliyekuwa msemaji hodari darasa la saba hukaa dawati la nyuma miezi mingi bila kutamka neno, na mwalimu wa Baiolojia hana njia ya kujua kama hakuelewa somo au amekosa tu maneno ya kulieleza.

Kimya hicho ndicho kinachowafanya walimu watafute mbinu. Mbinu za zamani tunazijua. Ya kwanza ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaihusisha adhabu hiyo na makosa makubwa ya nidhamu. Zinaweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kukosea kitenzi cha Kiingereza si kosa kubwa la nidhamu kwa tafsiri yoyote tunayoijua. Mbinu ya pili ni kibao. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, alisimulia jinsi shule za Kenya za miaka ya 1950 zilivyompa kifungo mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama, naye akampa mwingine atakayemnasa, hadi jioni mwalimu alipofuata mkondo wa majina yote. Watoto wakajifunza kuwindana. Huku kwetu kibao hicho kimepita katika shule nyingi kwa majina mbalimbali.

Siku hizi walimu wengi, hasa vijana, wamechagua njia ya upole: pipi, kalamu, daftari, nyota ukutani, makofi ya darasa zima. Tunawapongeza kwa moyo wote. Hata hivyo, tunawaomba waangalie ni nani anayezipokea zawadi hizo.

Chukueni darasa la wanafunzi sabini. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza na kuahidi kalamu. Mikono mitano inanyanyuka, ile ile ya jana: mtoto wa muuguzi, mtoto wa mwenye duka, yule aliyehamia kutoka Dar es Salaam, na wengine wawili wenye vipaji. Kalamu inakwenda kwa mmojawapo. Wale sitini na watano wamethibitishiwa kwa mara nyingine kwamba Kiingereza ni cha wenyewe. Na hao watano nao wanajifunza jambo baya, kwamba usalama uko katika sentensi iliyokaririwa. Akithubutu kusema jambo jipya atakosea, na akikosea kalamu itakwenda kwa jirani. Basi anarudia ile sentensi ya jina lake na kijiji chake, ambayo haijawahi kumwangusha mtu.

Hesabu mtoto anaweza kuifanya kimya kimya, akafuta, akaanza upya, wala asijue mtu. Lugha haina kificho hicho. Ni lazima ukosee kwa sauti, mbele ya watu, mara nyingi sana, ndipo ulimi ulainike. Kwa hiyo tuzo inayomfuata asiyekosea humwadhibu yule anayejifunza.

Kuna wanaosema kwamba zawadi yoyote huharibu mtoto. Wana ushahidi wao. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichapisha jaribio lao na watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti kizuri kwa kuchora walipatikana baadaye wakichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti hicho hicho ghafla, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa na hamu. Tunaona hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, maana linaonyesha kwamba kilichoharibu hamu ni ule mkataba uliotangulia kazi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Karibu na sisi, Busia nchini Kenya, mnamo mwaka 2001 na 2002 wasichana wa darasa la sita waliahidiwa kulipiwa ada na kupewa fedha za vifaa endapo wangekuwa katika asilimia 15 ya juu kwenye mtihani. Alama zilipanda, hata za wasichana ambao hawakuwa na tumaini kubwa la kushinda, na walimu nao walihudhuria zaidi. Na hapa Tanzania, mradi wa KiuFunza wa taasisi ya Twaweza, mwaka 2013 na 2014, ulijaribu katika shule 350 kuwalipa walimu wa madarasa ya chini kwa kila mtoto aliyefaulu majaribio ya kusoma na kuhesabu. Shule zilizopewa fedha za vifaa peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Zilizopewa vifaa pamoja na motisha ndizo zilizopiga hatua iliyo wazi. Katika mradi huo mwalimu alilipwa kwa idadi ya watoto waliovuka, hivyo mtoto wa dawati la nyuma naye alikuwa na thamani machoni pake.

Tunayasema haya kwa sababu kamati ya shule moja ya jirani imetuomba mchango wa zawadi kwa wanafunzi watatu bora wa Kiingereza, zitolewe siku ya mahafali. Tumejibu kwamba hatutanunua zawadi za watatu bora. Watatu hao tunawajua tangu sasa, na wao wenyewe wanajijua. Korosho hupangwa madaraja ghalani kwa sababu mnunuzi anasubiri. Mtoto wa kidato cha kwanza hana mnunuzi anayemsubiri. Fedha hizo tumeziweka kwa ajili ya vitabu vyepesi vya hadithi, ambavyo mwanafunzi ataviazima na kwenda navyo nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba hayati Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, alikulia katika shule za ukali na mashindano, akafika Makerere akasomea Kiingereza chenyewe na kuhitimu mwaka 1962. Ni kweli alifika. Lakini shule za zama zile zilichuja watoto wachache mno, na waliochujwa nje hatuna wa kutusimulia habari zao kwa Kiingereza.

Kwa mwalimu mwenye sabini tunapendekeza haya. Awagawe katika makundi ya watano watano, kila siku azungumze mwingine katika kundi, na makofi yaende kwa kundi ambalo kila mmoja wake amejaribu. Kalamu nyekundu ya mwalimu, inapoandika neno moja la kusifu sentensi fulani iliyothubutu, haigharimu kitu, na mtoto huionyesha nyumbani kama noti mpya.

Na mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana la kufanya. Jioni amwombe mwanawe amfundishe majina ya vitu vya uani: jembe, ndoo, kuku, mkorosho. Mtoto atakosea matamshi, na hapo uani hakuna atakayemcheka.