Kabla Hujamlaumu Dereva, Tazama Plau

Meseji nyingi mlizotutumia baada ya kipindi cha mashindano ya kulima kwa trekta zilikuwa za kucheka. Mtu mzima anashinda kwenye kipande cha shamba, kila mara anashuka na spana mkononi, anakaza nati nusu mzunguko, anapanda tena. Wazungu na mambo yao, mkasema. Mimi sikubaliani. Kwanza si ya wazungu peke yao: mashindano ya dunia yalianza Kanada mwaka 1953, na Kenya imeyaandaa mara mbili, 1995 na 2017, zote huko Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton. Pili, ile nusu mzunguko ya nati ndiyo kazi yenyewe.

Trekta ikilima, matairi ya upande mmoja yanapita ndani ya mfuo uliokwisha kukatwa. Yaani trekta yenyewe imelala upande. Plau nayo ikilala hivyo hivyo, jembe moja litachimba kuliko mwenzake na udongo utatoka mmoja juu, mmoja chini, kama ngazi. Dawa ni kurekebisha mkono mmoja wa kunyanyulia mpaka fremu iwe sambamba na ardhi. Mbele na nyuma ni kazi ya mkono wa juu: ukiufupisha mno, pua ya plau inainama na jembe la mbele linazama, ukiurefusha mno, mkia unakaa chini na kujiburuta. Halafu upana wa mfuo wa kwanza. Usipolingana na wa nyuma yake, waamuzi wanaona papo hapo, maana mistari inajitokeza miwili miwili. Na plau ikivutwa kimshazari, dereva anapigana na usukani mpaka mstari unapinda, kisha watu wanasema hajui kuendesha.

Kumaliza mapema hakukupi alama. Hapo ndipo ninapowapenda watu hawa.

Sasa njooni kwetu. Wangapi tunatuma pesa ya trekta kila mvua zikikaribia? Kwenye simu swali ni moja: "Shikamoo mjomba, zimelimwa ekari ngapi?" Mjomba anasema tatu, tunatuma. Hakuna anayeuliza zimelimwaje. Dereva wa kukodi analipwa kwa ekari, kwa hiyo hana sababu ya kushuka. Plau aliyoifunga asubuhi kwa udongo mwepesi wa jirani anakuja nayo vile vile kwenye udongo wetu mzito. Kinachobaki ni vipande visivyoguswa chini ya udongo uliotupwa juu, magugu yanachipua upya, na haro inabidi ipite mara mbili. Ya pili nani analipa? Mnajua wenyewe.

Ni kweli, nyumbani plau nyingi ni za diski na marekebisho yake si yale yale. Lakini fremu iliyolala upande ni kosa lile lile. Na wale wa GPS: hiyo inanyoosha njia ya trekta, haijui kama jembe la nyuma limezama kuliko la mbele.

Safari hii, kabla hujatuma salio, mwombe mjomba afukue sehemu tatu ng'ambo na ng'ambo ya mifuo, apime kina kwa kijiti, akutumie picha. Vina visipolingana, dereva ashuke na spana kabla hajaingia ekari ya pili.