Asilimia ya mukubwa: nani alipima, na alipima nani?

Kila mara habari ya serikali mupya inapoanza kusemwa kule Kinshasa, picha za namna moja zinaanza kutembea kwenye WhatsApp: waziri amevaa koti nzuri, na chini yake kuna namba kubwa. Huyu anapendwa na asilimia 70 ya wanainchi. Yule gavana ni wa kwanza katika inchi nzima. Mukurugenzi fulani amepita wenzake wote. Picha inafika Goma, inapita Sake, inapanda mpaka kwa wachimbaji wa Masisi na Walikale siku ile mutandao unakubali. Na huko juu ya mulima baba mumoja anauliza mwenzake: «Weye walikuuliza?» «Hapana. Na weye?» «Hata mimi.»

Hilo swali la wachimbaji njo tunataka kulichukua leo kwa uzito. Maana namba kama hizi haziko za kuchekesha tu. Mukubwa anazitumia kwa kubakia kwenye kiti. Anayemuweka anazitumia kwa kusema: «Wanainchi wanamutaka.» Na wanainchi ni sisi.

Neno asilimia halituogopeshi, sisi watu wa madini. Tunaishi nalo. Muchimbaji anaposhuka na mufuko wake wa koltani, mununuzi hapimi kilo peke yake. Anatia mukono ndani, anatoa kidogo, anakausha, anaweka kwenye mashine, na mashine inasema asilimia ngapi ya tantali iko ndani. Bei ya mufuko muzima inafuata ile namba. Kijiko kimoja kinasema kwa jina la kilo 50.

Haiko wizi. Haiwezekani kupima mufuko punje kwa punje. Lakini kila mutoto wa Rubaya anajua masharti. Lazima mufuko uchanganywe kwanza. Lazima kuchota juu, katikati na chini. Kama mutu amechota pahali pamoja tu, pale penye panamufaa yeye, mashine haitasema uongo, lakini namba itakuwa ya uongo. Na swali la mwisho: mashine ni ya nani? Kama ni ya yule anayenunua, muchimbaji anakaa macho.

Sondaji, ni kusema uchunguzi wa maoni ya watu, ni kazi ile ile. Inchi yetu sasa inahesabiwa kuwa na watu karibu milioni 100, wala zaidi. Hakuna mwenye anaweza kuwauliza wote. Wanachagua watu elfu moja, wanawauliza, wanasema kwa jina la wengine. Kama wale elfu moja wamechaguliwa kwa bahati, bila upendeleo, namba inaweza kukosea kwa alama karibu 3, kupanda wala kushuka. Asilimia 50 inaweza kuwa 47, inaweza kuwa 53. Basi ukiona waziri mumoja yuko na 43 na mwenzake 41, usiseme ya kwamba mumoja ni wa kwanza na mwingine ni wa pili. Kwa kipimo kama kile wako sawa. Lakini picha za WhatsApp zinawapanga mustari kama wanafunzi kwenye karatasi ya shule.

Shida ya kwanza kwetu ni hii: mufuko wenyewe hatuujui. Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Mutoto aliyezaliwa mwaka ule amepita miaka 40, pengine ni baba-mukwe wa mutu. Tangu wakati ule Goma imekula mashamba na mawe ya volkano, vijiji vya Masisi na Rutshuru vimehama mara nyingi, wachimbaji wametoka mulima huu wamekwenda ule. Mwenye kufanya sondaji anachota katika mufuko wenye hakuna aliyeufungua tangu miaka 40 na zaidi.

Shida ya pili ni simu. Kuuliza watu kwa simu ni bei rahisi, hakuna barabara, hakuna barriere. Lakini nani anajibia? Ni mutu wa muji, yuko na umeme, yuko na mutandao. Muchimbaji aliye ndani ya shimo tangu asubuhi hajibii. Na mama yuko wapi? Katika familia nyingi simu ni moja, na baba amepanda nayo mulimani. Mama aliyebaki na watoto, mwenye anajua bei ya unga na bei ya dawa kuliko waziri yeyote, hana namba yake. Maoni yake hayaingii katika kijiko.

Kuna watu waliotafuta dawa ya shida hii. Tanzania, shirika la Twaweza lilichagua familia kwa bahati katika inchi, mijini na vijijini, likawapa simu na chombo cha kuchaji kwa jua, likaanza kuwaita kila mara. Waliita kazi ile Sauti za Wananchi. Njo kwa njia hiyo walipima namna watu walivyoona kazi ya Raisi John Magufuli: asilimia 96 mwaka 2016, asilimia 71 mwaka 2017, asilimia 55 mwaka 2018. Basi ilitokea nini? Namba ya 2018 ilipotangazwa, tume ya serikali ya sayansi iliandikia Twaweza barua, ikidai maelezo juu ya ruhusa ya kufanya utafiti. Nyuma yake, mukurugenzi wa shirika akanyanganywa pasiporti. Swali la ruhusa lilipiga hodi siku namba iliposhuka.

Tusicheke majirani. Hapa kwetu pia tumeona namna kipimo kizuri kinavyosumbua. Mwaka 2016, wakati mamlaka ya Raisi Joseph Kabila ilikuwa inaelekea mwisho, ofisi ya Kinshasa inayoitwa BERCI, pamoja na kikundi cha utafiti juu ya Kongo (GEC) cha Chuo kikuu cha New York, waliuliza watu zaidi ya 7.500 katika majimbo yote 26. Moïse Katumbi alipata asilimia 33, Étienne Tshisekedi 18, Raisi mwenyewe hata 8 hazikutimia. Watu 8 kati ya 10 walikataa katiba ibadilishwe kwa kumupa muhula wa tatu. Wakati ule wakubwa wengi walikuwa wanasema ya kwamba wanainchi njo wanaomba Raisi aendelee. Kumbe wanainchi walipoulizwa, walisema ingine.

Mwisho wa mwaka 2018 wale wale walipima tena, siku chache mbele ya uchaguzi. Martin Fayulu alikuwa na asilimia 47, Félix Tshisekedi 24, Emmanuel Ramazani Shadary 19. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2019, CENI ikatangaza: Tshisekedi karibu 39, Fayulu karibu 35, Shadary karibu 24. Hatuandiki haya kwa kufungua upya kesi ile. Sondaji haiko kura, na mutu anaweza kugeuza mawazo. Lakini mwenye alikuwa na namba za mbele alikuwa na kitu cha kulinganisha, na swali la kuuliza. Mwenye hakuwa nazo alibaki kupokea tu.

Na hapa Kivu ya Kaskazini kuna jambo ambalo halipaswi kusahauliwa. Katika uchaguzi ule, Beni na Butembo walisukumiwa mpaka mwezi wa tatu 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, walisema. Raisi mupya alikuwa amekwisha kuapa tangu tarehe 24 mwezi wa kwanza. Watu wa Beni, siku ya kura, walipanga mustari wakapiga kura yao ya mufano, yenye haikuhesabiwa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru: vita ilizuia, hawakupiga kura. Rubaya, penye koltani ya simu za dunia inatoka, iko Masisi. Ni kusema hata CENI haikuwauliza wachimbaji wale.

Tuongeze jambo la gavana. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, jimbo letu na Ituri viliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ile tunaita état de siège. Gavana hakuchaguliwa tena na wabunge wa jimbo: aliwekwa na Raisi, ni musoja. Basi kusema gavana kama yule «anapendwa» kuna maana gani? Hapana kura ya kumutoa, hapana bunge la jimbo la kumuita ajibu. Wengine wanasema basi sondaji haina kazi. Sisi tunaona kinyume: pahali pasipo na kura, sondaji inaweza kuwa sikio moja tu lililobaki. Lakini sikio likiwa moja tu, ni rahisi sana mutu kulinunua.

Sasa tuko wapi? Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 muji wa Goma uko mikononi mwa AFC/M23. Rubaya iliingia mikononi mwao tangu 2024. Kinshasa inasema: wakaaji wa Goma wako nasi. AFC/M23 inasema: wakaaji wa Goma wako nasi. Pande mbili zinasema kwa jina letu, na kila mumoja iko na picha za watu wengi wanapiga mikono.

Tuchukue mama mumoja wa Majengo wala wa Ndosho. Simu inalia. Namba haijui. Sauti inauliza kwa heshima: «Mama, unaona kazi ya mukubwa fulani namna gani: nzuri sana, nzuri, mubaya?» Mama anawaza nini? Huyu ni nani? Anaita toka wapi? Namba yangu aliipata wapi? Jina langu litaandikwa? Basi anajibu kama mutu mwenye akili: «Wote ni wazuri, baba. Sisi tunaomba amani tu.» Kule ofisini wanaandika: nzuri sana. Ile haiko maoni, ile ni woga umevalishwa namba. Na njo hatari kubwa ya leo: asilimia ya woga inaonekana sawa na asilimia ya mapendo. Kwenye karatasi haziachani.

Kuna njia ya kuzitambua kidogo. Sondaji ya haki inaandika pia wangapi walikataa kujibu na wangapi walisema sijui. Kama namba ile ni kubwa, yenyewe ni habari. Pahali penye mutu mumoja kati ya watatu hataki kufungua kinywa, wakubwa hawana cha kusherehekea.

Tena swali lenyewe linaweza kuwa na kosa. «Unamupenda?» ni swali la ndoa. Muchimbaji hana haja ya kupenda waziri wa madini. Tangu Sheria ya madini ya 2018, katika redevance ambayo kampuni yenye hati ya kuchimba inalipa, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya sekta wala cheferi ile inachimbwa. Basi tuulizwe: asilimia 15 yenu mumeiona? Ilijenga nini? Barabara ya kushuka na mugonjwa iko? Shule ya watoto iko na mabao? Shimo likianguka, nani anafika kwanza, na anafika nyuma ya masaa mangapi? Yale mutu anaweza kujibu bila kutaja jina la mukubwa, na bila kutetemeka sana. Na jibu lake linamufaa kuliko picha ya koti.

Kenya waliweka sheria mwaka 2012 kwa sondaji za uchaguzi: mwenye kutangaza analazimishwa kusema nani alilipa, watu wangapi waliulizwa, lini, na kwa swali gani. Haikumaliza uongo wote, lakini iliwapa wanainchi haki ya kuuliza. Sisi hatuwezi kungoja sheria kutoka Kinshasa wala kutoka pengine. Tunaweza kuanza nyumbani.

Picha ikifika tena kwenye simu yako, musomaji, mbele ya kuituma kwa wengine tafuta mambo mane. Nani alilipa? Watu wangapi, na wa wapi: kulikuwa na Masisi, kulikuwa na Walikale, kulikuwa na wamama? Walimuuliza mutu nini, kwa maneno gani? Na wangapi walinyamaza? Kama hakuna hata jibu moja, usiitume. Ukiituma, umekuwa mumoja wa wale elfu moja, na hakuna aliyekuuliza.

Na wewe ukiulizwa siku moja na mutu mwenye anajitambulisha vizuri, anasema anatumwa na nani, hataki jina lako, basi jibu ukweli kama unaona hakuna hatari kwako na kwa watoto. Kama unaona hatari, kukataa ni haki yako. Sema tu: «Sijibu.» Usiseme «wote ni wazuri.» Afazali kijiko kitupu kuliko kijiko cha muchanga, maana mwisho wake ni mufuko wetu wote utauzwa kwa bei ya ule muchanga.