Droni na helikopta Fort Ternan: nani atampisha mwenzake?

Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink iliyokuwa ikija kwetu Diani na watu 44 iligongana na Cessna ndogo ya mafunzo juu ya mbuga ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi Wilson salama, alhamdulillahi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Na hao walikuwa na redio na mnara wa kuwaongoza. Droni haina hata kimoja.

Kanuni za droni za 2020, zinazosimamiwa na KCAA, zinaweka ukomo wa futi 400 kutoka ardhini. Droni zibaki chini, ndege zipite juu. Huku Pwani, kulikotandaa kama mkeka, hesabu hiyo ni nyepesi. Lakini nenda Fort Ternan, Kericho, kwenye vilima vinavyotazamana na Tinderet. Droni nyingi hupima urefu kuanzia pale zilipoondokea, si kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Mpiga picha akisimama ukingoni mwa kilima akairusha kuelekea bondeni, rimoti yasema futi 300, kumbe ardhi ishashuka futi 300 nyingine na chombo kiko 600. Amevunja sheria na wala hajui.

Helikopta nayo haikai juu. Hushuka uwanja wa shule, kwenye siasa au maziko, palepale droni za wapiga picha zilipojaa. Mtambo wa kuzuia ajali uliomo kwenye ndege kubwa huita, na transponda ya ndege nyingine hujibu. Droni ndogo haina transponda, basi kwa mtambo ule ni kama haipo. Ziko droni zinazopokea mawimbi ya ADS-B ambayo ndege hutangaza mahali ilipo, zikamwonya mwenye rimoti. Ila ndege isiyotangaza haionekani, na vile vidroni vya harusini, chini ya gramu 250, kwa kawaida havina kipokezi. Januari 2025, huko Los Angeles, droni ndogo ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto.

Kampeni za 2027 zaja, na helikopta zitakuwa nyingi kuliko matatu (natania, lakini si sana). Rai yangu: kila helikopta itangaze ADS-B, gharama iwe ya wenyewe, si maskini hao. Na pale inapotua awepo mtu mmoja mwenye amri ya kushusha droni zote kwanza. Kumwachia kijana wa kamera asikilize mngurumo hakutoshi. Helikopta ikitokea nyuma ya kilima, mngurumo hufika pamoja nayo.