Burashi ya Kijapani hairudi nyuma

Msomaji, iwapo utabahatika kufika Japani, iwe ni kwa masomo, kwa biashara ya magari au kwa kumtembelea jamaa, wenyeji hawatakosa la kukuonyesha. Utapelekwa kutazama mlima Fuji na kofia yake ya theluji, utapandishwa treni ziendazo kama mshale, na utalishwa samaki mbichi utake usitake. Hayo yote ni mazuri. Lakini juma hili nakuomba utenge saa moja u nusu tu, uvue viatu, uketi mkekani, ushike burashi na ujifunze kuandika herufi moja. Naam, moja.

Sanaa yenyewe huitwa shodo. Hiyo "do" ya mwishoni ndiyo ile ile iliyomo katika judo, mchezo ambao vijana wetu wanaujua vyema, na maana yake ni njia. Shodo basi ni njia ya kuandika. Ilitoka Uchina pamoja na karatasi, wino na vitabu vya dini ya Kibudha, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Hadi leo mtoto wa Kijapani akifika darasa la tatu la shule ya msingi hupewa burashi na wino ajifunze, hata kama kwao kila mtu anaandika kwa kubofya simu. Mzazi uliyechoka kugombana na mwanao kwa kuwa insha yake imeandikwa kama kuku aliyeparura jivu, utaelewa kwa nini nililiona jambo hilo kuwa la maana.

Kyoto, Tokyo na Nara zina madarasa mengi ya wageni. Hili letu lilikuwa Kyoto, orofa ya juu ya nyumba ya mbao, nasi tulilipa yeni 4,000 kila mmoja, yaani zaidi ya shilingi 3,000 za Kenya kwa kiwango cha siku hiyo. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa miaka 17, na mpwa wangu anayesoma uhandisi Osaka kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Kutoka Osaka ni nusu saa hivi kwa treni. Ushauri wangu ni kwamba usitoe pesa kabla ya kuuliza kama utasaga wino mwenyewe. Kuna mahali wageni humiminiwa wino wa chupa ili wamalize upesi na wengine waingie. Wino wa chupa si dhambi, hata watoto wa shule huutumia, lakini mgeni asiyesaga amekosa nusu ya utamu.

Vifaa ni vinne, na Wachina wa kale waliviita hazina nne za chumba cha msomi: burashi, wino, jiwe la wino na karatasi. Wino wenyewe ni kipande kikavu, kirefu kama kidole, cheusi tititi. Jiwe lina uwanda laini na kidimbwi upande mmoja. Unadondosha maji kidogo juu ya uwanda, unashika kile kipande na kukizungusha polepole bila kukikandamiza. Maji yanakuwa ya kijivu, kisha meusi, kisha mazito, nawe unayasukuma kidimbwini. Dakika kumi zinapita hivyo, chumba kizima kinanukia kitu kinachokaribia kafuri, na hakuna anayezungumza. Usidhani unapotezewa muda. Mkono uliotoka barabarani huwa na haraka, na mwalimu anausubiri utulie.

Burashi hushikwa wima, kiwiko kikiwa kimeinuliwa, wala mkono haulali mezani kama tunavyofanya na kalamu ya biro. Mstari hautoki vidoleni, unatoka begani. Ukikandamiza unanenepa, ukiinua unakonda. Ukisitasita, karatasi inakunywa wino na doa linatanda, na kila atakayetazama atajua ulipoogopa. Mwanagenzi mara nyingi hupewa herufi yenye maana ya milele, kwa sababu ndani yake mna aina nane za mistari ya msingi, na anayeiweza hiyo anaweza kuanza nyingine. Kisha kuna sheria moja ambayo wageni wengi huiona ngumu: ukishapiga mstari, huruhusiwi kurudi kuupaka pale ulipofifia. Umeharibu? Chukua karatasi nyingine. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa meza ya jirani alijaribu kurekebisha mkia wa herufi yake kwa siri, na mwalimu akamwona akiwa upande wa pili wa chumba, akiwa amempa mgongo nusu. Sijui walimu hawa wana macho mangapi.

Wajapani wenyewe wana hadithi nzuri kuhusu sheria hii. Mtawa Kukai, aliyeishi kati ya mwaka 774 na 835 na ambaye kwa heshima huitwa Kobo Daishi, alikwenda Uchina mwaka 804 na akarudi bingwa wa mwandiko. Husimuliwa kwamba aliandika ubao wa jina la lango moja la ikulu ya Kyoto, ubao ukatundikwa juu, ndipo watu wakagundua kwamba amesahau nukta moja. Kukai hakuitisha ngazi. Alichovya burashi, akairusha juu, nayo ikagonga mahali hasa palipokosa nukta. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, methali ilibaki: hata Kobo hukosea kwa burashi. Husemwa kumliwaza fundi aliyeteleza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Binti yangu ni mashoto. Katika shule moja ya chekechea hapa Nairobi alikuwa akipigwa vidole kwa rula kila aliposhika penseli kwa mkono huo, na nyumbani nyanyake alimwambia mchana na usiku kwamba mkono wa kushoto ni wa chooni. Hakubadilika, ila alijifunza kujificha. Mpaka leo akiandika mbele ya watu hukikinga kitabu kwa kiwiko kana kwamba anaiba.

Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyevaa aproni nyeusi, alipomwona ameshika burashi kwa kushoto alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno mawili matatu, na mpwa wangu akanigeukia.

"Mjomba, sensei anauliza kama anaweza kujaribu kwa mkono wa kulia. Anasema si adhabu, ni kwa sababu ya umbo la herufi."

Nataka uielewe hoja yake, msomaji, maana si ya kupuuzwa. Herufi hizi zilizaliwa katika mkono wa kulia. Mstari wa kulala huanzia kushoto kwenda kulia, ukipanda kidogo, na ncha ya burashi huingia karatasini ikiwa imeelekea pembe ya juu kushoto. Mkono wa kulia hupata pembe hiyo bure, kwa kuwa unavuta. Wa kushoto unalazimika kusukuma, na kichwa cha mstari kinatoka butu. Zaidi ya hayo, mwalimu humfundisha mwanafunzi kwa kusimama nyuma yake na kuufunika mkono wake kwa wa kwake, wakaandika pamoja. Mwenye mkono mwingine atamfunikaje? Ndiyo maana huko Japani wapo mashoto wengi wanaoshika penseli kwa kushoto na burashi kwa kulia, na hawaoni ajabu.

Binti yangu akaitazama karatasi. Nilijua uso ule. Nikajizuia kusema lolote.

"Mwambie huu ndio mkono wangu," akasema.

Mpwa wangu alitafsiri, na nadhani alilainisha. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaichukua karatasi ya mfano iliyokuwa upande wa kushoto na kuihamishia kulia ili mkono usiizibe. Jiwe la wino nalo akalihamisha upande wa pili. Halafu akauliza msichana anataka kuandika neno gani.

"Kushoto," akajibu.

Hapo mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza, akatoa karatasi safi. Na hapa ndipo nilipoona faida ya kufundishwa na mtu anayeijua kazi yake. Alituandikia "kushoto" na "kulia" sambamba. Kila moja ina mistari mitano, na sehemu ya juu inafanana mno, mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kushuka. Tofauti ni kwamba katika "kushoto" unatangulia ule wa kulala, na katika "kulia" unatangulia ule wa kushuka. Watoto wa Japani hukosea hapo kila siku. Zote mbili asili yake ni picha ya mkono. Mkono wa kulia umewekewa chini yake alama ya kinywa. Wa kushoto umewekewa alama ambayo leo husomwa kazi, au ufundi. Binti yangu aliomba atafsiriwe hilo mara mbili.

Karatasi sita za kwanza zilikwenda na maji. Ya saba ilikuwa na nguvu. Mwalimu akaleta wino wake wa rangi ya chungwa iliyokolea, ambao ndio wa kusahihishia, akatia alama pale kichwa cha mstari wa kwanza kilipokuwa butu, na pale mstari wa mwisho ulipoishia mapema. Hakumbembeleza. Kisha pembeni akachora duara lenye petali kama ua, alama ambayo walimu wa Kijapani humpa mtoto aliyefanya vizuri. Na nilipomgeukia binti yangu niliona kiwiko hakikingi kitu.

Mimi sisemi mama yule alikosea kuomba mkono wa kulia. Alikuwa na sababu, akaitoa, akajibiwa, akahamisha jiwe. Lakini ile rula ya Nairobi ilikuwa na sababu gani? Biro haijali imeshikwa na mkono upi. Mzazi mwenzangu mwenye mtoto mashoto, nenda shuleni ukaulize swali hilo, kwa adabu, na usitoke mpaka ujibiwe. Kwa taarifa yako tu, maandishi ya Kijapani ya jadi huenda kutoka juu hadi chini, safu zikianzia kulia kuelekea kushoto, na kwa mpangilio huo anayepaka wino mkononi ni yule wa kulia, si mashoto.

Ukienda mwezi wa Januari utakuta mengi zaidi. Tarehe 2 ndiyo siku ya mwandiko wa kwanza wa mwaka, na katika hekalu la Kitano Tenmangu mjini Kyoto, ambako wanafunzi huenda kuombea mitihani, watoto hukusanyika kuandika. Mwezi wa Desemba, katika hekalu la Kiyomizu mjini humo, mtawa mkuu huandika hadharani herufi moja ya mwaka iliyochaguliwa kwa kura za wananchi, kwa burashi kubwa kama ufagio. Desturi hiyo ilianza mwaka 1995, na herufi ya kwanza ilikuwa ya mtetemeko, kwa sababu Januari ya mwaka huo tetemeko la ardhi liliuangamiza mji wa Kobe. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami, walichagua neno lenye maana ya kifungo kinachowaunganisha watu.

Ukiwa na siku moja zaidi, panda treni hadi Nara, wanakotengeneza wino. Kobaien, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1577, bado inafanya kazi. Mafuta ya mimea huchomwa katika visahani vya udongo, masizi yakakusanywa chini ya vifuniko, yakachanganywa na gundi ya ngozi ya wanyama na manukato kidogo, yakakandwa kama unga wa chapati. Kazi hiyo hufanywa miezi ya baridi tu, kwa kuwa joto huiozesha gundi. Mgeni wa majira hayo hupewa donge bichi alifinye mkononi, likakauka na alama za vidole vyake.

Burashi nunua ya kawaida, hata isiyo ya bei. Nyingi hutoka mji mdogo wa Kumano, mkoa wa Hiroshima. Ukimaliza kuandika ioshe kwa maji matupu, uinyooshe ncha kwa vidole na uitundike ikitazama chini. Yetu inaning'inia jikoni, kwenye msumari wa kalenda. Na siku ya darasa vaa nguo nyeusi, msomaji, maana wino ule ukishaingia katika shati hakuna sabuni itakayoutoa.