Mpini wa Jembe na Mkono wa Mtoto

Mvua imekaribia, na sisi wa Lubumbashi tunajua maana yake. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, kila siku ya posho watu wanatoka Katuba, Kenya na Ruashi na jembe begani, wanaenda kulima mahindi nje ya mji. Watoto wanafuata nyuma. Basi juma hili tuzungumze juu ya kitu kidogo: pale mkono unaposhika jembe.

Mwaka uliopita tulikuwa na binti mmoja katika darasa la sita. Siku ya kwanza ya juma tulitoa imla, yeye hakuandika. Tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Akachukua biki kwa mkono wa kushoto, akaanza kuchora herufi mojamoja. Ndipo tulipomwambia afungue mkono wa kuume. Malengelenge manne yalikuwa yamepasuka, na katikati ya kiganja kulikuwa na tundu la kuchomwa na waya. Tulimwomba radhi, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kumcheka.

Jioni tulifika kwao. Mama yake akatuonyesha jembe. Chuma chake kilikuwa kizima kabisa. Lakini mpini ulikuwa mnene, wa mkono wa mwanaume, tena umefungwa kwa kitambaa na waya juu yake. Mama akasema: “Mwalimu, hili jembe ni la marehemu baba yake. Mpini huu aliuchonga yeye mwenyewe, ni mti wa mubanga. Siwezi kuutupa.”

Hatukumwambia autupe. Mubanga ni mti mgumu, unadumu miaka. Tulitengeneza mahali pa kushikia tu, na kazi haikuzidi saa moja. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza, tuliondoa vitu vyote vya zamani: kitambaa, waya, misumari. Kitambaa kinakunywa jasho. Kikilowa kinateleza, kikikauka kinajikunja, na mikunjo hiyo inasugua ngozi mpaka inatoka malengelenge. Kisha tulikwangua mti kwa kisu, tukifuata nyuzi zake, mpaka kiganja kikapita juu bila kuchomwa na kibanzi. Mama, ukiona ufa katika mti, acha hapo. Mpira hauponyi ufa. Mpini wa namna hiyo utavunjika mkononi, na chuma kinaweza kumpiga mtu. Huo ubadilishe.

Pili, tulipima unene. Mwenye kulima ashike mpini: ncha za vidole vyake zikaribie kugusa nyama iliyo chini ya dole gumba. Zikibaki mbali, mpini ni mnene kwake. Mtoto atakaza mkono muda wote ili jembe lisimtoroke, na atachoka kabla ya mstari wa pili. Tulipunguza mti kidogokidogo, upande wa mwisho tu, huku binti akishika na kupima.

Tatu, tulitafuta mpira. Fundi wa kinga ana mipira ya ndani iliyochoka, isiyokubali tena kiraka. Mpasue mpira kwa urefu, uuoshe kwa sabuni, uukaushe. Kata utepe wenye upana wa vidole viwili na urefu wa mita moja na nusu. Mpira mmoja unaweza kutosha majembe mawili.

Anza kuzungusha kwenye mwisho kabisa wa mpini, ukielekea upande wa chuma. Vuta kwa nguvu, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia, kama mabati ya nyumba. Ukianza upande wa chuma, mkono utainua kingo za mpira kila unapovuta jembe, na baada ya siku mbili utepe utajikunja. Mzunguko wa mwisho uuache umelegea kidogo, upitishe mkia wa utepe chini yake, uvute mpaka ukaze. Usipige msumari, usifunge waya.

Angalieni jambo moja ambalo wengi wetu tunakosea. Mkono wa nyuma unakaa mahali pamoja, lakini mkono wa mbele unateleza juu ya mti tunapoinua na kushusha jembe. Kwa hiyo mpira uwe kwenye mkono wa nyuma tu, urefu wa viganja viwili. Pale mkono wa mbele unapopita, acha mti mtupu uliolainishwa vizuri. Ukiweka mpira pale, unaunguza ngozi.

Na mtoto akiisha kuumia, msiyapasue malengelenge. Osheni mkono kwa maji safi na sabuni, mumpumzishe na jembe. Akichomwa na waya au msumari wenye kutu, mpelekeni kituo cha afya, muulize juu ya chanjo ya pepopunda, ile wanaita tetanosi. Msingoje mpaka taya likaze.

Tunajua shamba ndilo linaleta bukari nyumbani, na hatuwaambii wamama wasiende na watoto. Tunaomba tu kwamba mtoto aliyelima siku ya posho aweze kuandika siku ya kwanza. Darasa la sita lina mtihani wa mwisho, na mtihani unaandikwa kwa mkono uleule.

Kwa vikundi vyetu: kabla mvua haijaanza, kila mama alete jembe lake kwenye mkutano, na wachache walete mipira na visu. Watoto waje pia, wapimwe mkono kwenye mpini.

Na sisi walimu tumejifunza letu. Kabla ya kumwita mtoto mvivu, tunamwambia kwanza afungue mkono.

Kazi njema shambani, wamama. Tutaonana juma lijalo.