MAARIFA YA KAMERA: Kamera Ndogo kwa Msafiri

Wengi hudhani kwamba kamera kubwa ndiyo kamera njema. Sivyo. Kamera nzito huachwa nyumbani, na siku ya arusi au ya kuagana na mzee hakuna cha kupigia picha.

Mwaka 1925 kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilianza kuuza Leica, kamera ndogo iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Tangu hapo msafiri hakulazimika kubeba mzigo.

Kwa mwenye fedha kidogo, Olympus Trip 35 ya Japani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, ni mfano mzuri. Haitaki betri, kwa kuwa kipimo chake cha seleniamu huendeshwa na nuru yenyewe. Lenzi yake ya milimita 40 yafaa kwa watu na kwa nyumba. Lenzi ya milimita 28 huona eneo pana zaidi, lakini uso ukikaribiwa nayo pua huonekana kubwa mno. Ya milimita 90 hupendeza uso, ila chumbani hapana nafasi ya kurudi nyuma.

Anayenunua Trip iliyokwisha kutumika na aijaribu kwanza. Azungushe gurudumu la filamu, aiweke kwenye alama A, afunike lenzi kwa kiganja, kisha abonyeze kitufe. Yapasa bendera nyekundu itokee dirishani na kamera ikatae kupiga. Halafu aielekeze penye nuru. Ikikataa tena, kipimo kimekufa. Mwisho aikague lenzi: iliyoota kuvu isinunuliwe, hata bei ikiwa ndogo.